Alama ya kuuliza kwenye karatasi ya mama

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi. Nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, na kisukari anacho mwaka wa kumi na moja huu. Anameza Daonil na metformini, pamoja na atenololi ya presha. Wiki iliyopita alikuwa anafunga sita za Shawwal. Daku alikunywa chai ya rangi na tende mbili, akameza dawa zake zote kama kawaida. Alasiri tukamkuta jikoni anamimina uji wa futari kwenye ungo. Tukimsemesha anajibu mambo yasiyoeleweka, mara anamwita marehemu baba. Jasho linamtiririka. Kabla hatujajua la kufanya akaanguka, akakakamaa, akatukutika mwili mzima, povu likamtoka. Jirani akamsokomeza kijiko mdomoni, jino la mbele likavunjika. Hospitali walimchoma sindano ya mshipa na kumtundikia dripu, akaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa Kiingereza. Mdogo wangu kaiingiza kwenye programu ya kutafsiri, ikatoa 'hali ya kiakili iliyobadilishwa', 'kukamata' na 'kifafa'. Sasa wifi amemtengea mama sahani na kikombe chake. Shangazi anasema ni mashetani ya ukoo. Muuza duka la dawa anataka kutuuzia vidonge vya kifafa. Je, mama ana kifafa? Na hiyo akili iliyobadilishwa ndiyo wazimu? Nakutumia picha ya karatasi."

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mpe mama salamu zangu, na Mungu aipokee swaumu yake.

Picha nimeikuza mpaka nikausoma mwandiko wote. Karatasi haisemi kwamba mama yako ana kifafa. Inauliza. Mbele ya neno la mwisho kuna alama ya kuuliza, ndogo, imebanwa pembeni, na hiyo ndiyo iliyobeba maana yote. Daktari akiiweka alama ile mbele ya jina la ugonjwa, si nyuma, anamwambia mwenzake atakayelishika faili kesho: hili nimelifikiria, sijalithibitisha, nawe litazame. Programu ya simu iliiruka alama ikatafsiri jina tupu, na kuanzia hapo wifi akaanza kutenga vyombo.

Jibu langu kwa swali lile ni kwamba sioni kifafa hapo, na ushahidi umo humo humo kwenye karatasi. Ukiunyoosha mwandiko, mstari unasomeka hivi: k/c DM2, HTN. AMS, GCS 9. GTC x1. RBG 1.7. Baada ya dekstrozi, RBG 8.4, GCS 15. Kisha ndipo linakuja lile swali la kifafa.

Za mwanzo ni rahisi. "k/c" ni namna yetu ya kusema huyu ugonjwa wake unajulikana tangu zamani, haukugunduliwa leo. DM2 ni kisukari aina ya pili, HTN ni shinikizo la damu. RBG ni sukari ya damu iliyopimwa saa yoyote ile, bila kungoja mtu awe na njaa, nasi huihesabu kwa milimoli kwenye lita. Dekstrozi ni sukari ya maji inayochomwa mshipani. Hizo mbili za katikati, AMS na GTC, ndizo zilizowavuruga.

AMS ndiyo iliyotafsiriwa "hali ya kiakili iliyobadilishwa". Ubaya wa tafsiri hiyo uko kwenye neno akili. Kwetu akili ni busara na werevu. Asiye nayo ni mjinga, na aliyerukwa nayo ni kichaa. Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba akili ya mama yake imebadilika, atawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kinachozungumziwa hapo ni fahamu: kujua uko wapi, ni saa ngapi, unazungumza na nani, na kumjibu anayekuita. Mimi nikimweleza ndugu wa mgonjwa husema "fahamu zake zimeyumba". Kitu kinachoyumba kinaweza kusimama tena, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Tena AMS si jina la ugonjwa. Ni king'ora. Daktari akiiandika anasema tu kwamba kuna jambo limeuingilia ubongo, na bado hajasema ni jambo gani. Linaweza kuwa sukari, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, kupigwa kichwani, figo au ini lililoshindwa kazi, chumvi ya damu kuharibika, hewa kupungua mapafuni, pombe, au dawa zenyewe. Kwa mzee hata maambukizi ya njia ya mkojo yanatosha. Wazimu, kwa maana ya ugonjwa wa akili, unakuja mwisho kabisa wa orodha hiyo, hasa kwa mtu wa miaka 68 ambaye asubuhi alikuwa mzima na alasiri anamimina uji kwenye ungo. Ugonjwa wa akili hauna kawaida ya kuanza hivyo, kwa saa, ukiwa na jasho.

Kiswahili kina ngazi nzuri kabisa ya maneno ya hali hii, na inasikitisha kwamba hatuitumii tukifika mapokezi. Tunasema "amezidiwa", basi. Kuna kuzubaa: macho yamefunguka lakini ukimuuliza anachelewa kujibu. Kuna kuweweseka, kusema ovyo na kuona visivyokuwepo, kama mama alipomwita marehemu. Kuna kusinzia kusiko kwa kawaida, unamwamsha anaamka, ukimwacha anarudi. Kuna kupoteza fahamu, ambako hata ukimfinya haitiki. Kuzirai, au kuzimia, ni jambo jingine: mtu anaanguka, anapauka, na baada ya dakika moja hivi anarudi akiwa na akili zake timamu. Na mahututi si kipimo cha fahamu hata kidogo. Mgonjwa anaweza kuwa mahututi huku anakusimulia habari za shamba lake. Ukisema "tangu saa tisa anaweweseka, saa tisa na nusu hakuitika tena", umemrahisishia daktari kazi kuliko ukisema "kazidiwa" mara kumi.

Ile GCS 9 ndiyo ngazi hiyo hiyo iliyogeuzwa kuwa namba. Waliitunga Graham Teasdale na Bryan Jennett kule Glasgow mwaka 1974. Macho yana alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6. Mzima kabisa ni 15, na chini kabisa ni 3, wala hakuna sifuri, kwa hiyo hata gogo lingepata 3. Mama alifika na 9, akaruhusiwa na 15.

Kwa nini walikimbilia kumtoboa kidole kabla ya kingine chochote? Nitakusimulia jambo ambalo silipendi. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, mgambo walimleta mzee mmoja usiku. Ananuka pombe, anatukana, anataka kumpiga kila anayemsogelea. Faili likaandikwa "amelewa", akalazwa kwenye benchi la ukutani ili pombe imtoke. Saa nzima baadaye alipita muuguzi mmoja wa makamo, akamgusa shingoni kwa mgongo wa kiganja. Shingo ilikuwa ya baridi, imelowa kama mtu aliyetoka mtoni. Hakumuuliza mtu, alichukua mashine akamtoboa: 1.4. Dekstrozi ilikuwa haijaisha kwenye bomba la sindano mzee akauliza viatu vyake viko wapi. Aliyeandika "amelewa" ni mimi. Na kweli alikuwa amekunywa. Pombe nayo hulizuia ini kutengeneza sukari, na mtu anaweza kuwa mlevi na mwenye sukari ya chini kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo simwandikii mtu yeyote kwamba amelewa kabla sijaiona namba.

Sasa GTC. Mdogo wako aliambiwa "kukamata" kwa sababu neno la Kiingereza, seizure, limetoka kwenye kitenzi cha kushika kwa nguvu, na mashine ikachukua maana ya polisi. Usiicheke sana. Neno la Kigiriki lililozipa lugha za Ulaya jina la kifafa nalo maana yake ni kukamatwa. Sisi je? Tunasema kifafa kimemshika, homa imemkamata, shetani kampanda. Kila mahali watu walioona mwili wa mwenzao ukienda wenyewe walisema kuna mkono umeushika.

Kitabibu hakuna mkono. Ni chembe za ubongo zinazopiga umeme wake zote kwa pamoja bila mpangilio, kama redio yenye vituo vyote kwa mara moja. Herufi GTC zinaeleza sura yake: mwili mzima, kwanza kukakamaa, kisha kutukutika. "x1" ni mara moja. Kwa Kiswahili tukio hilo ni degedege. Najua nyumbani wengi mkisikia degedege mnawaza mtoto mwenye homa, na pwani yetu mnawaza zaidi ya hapo: dege wa usiku aliyepita juu ya nyumba, kivuli chake kikamwangukia mtoto, afukizwe na asichomwe sindano kamwe maana sindano itamuua. Imani hiyo imewaponza watoto wengi waliokuwa na malaria ya ubongo. Lakini neno lenyewe halina kosa, na mtu mzima naye hupata degedege. Wengine huandika mtukutiko. Yote sawa, mradi tusiseme kifafa tunapomaanisha tukio moja.

Degedege ni tukio, kifafa ni ugonjwa. Kukohoa siku moja kwa kupaliwa na pilipili si kuwa na pumu. Kwa maana ya kifafa ambayo jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa iliipitisha mwaka 2014, ili mtu aitwe mwenye kifafa awe amepata angalau degedege mbili zisizochochewa na kitu, zilizopishana kwa zaidi ya saa 24. Au moja tu isiyochochewa, lakini vipimo vionyeshe uwezekano wa kurudi si chini ya asilimia 60 katika miaka 10 ijayo. Au awe na aina ya kifafa inayotambulika kwa sura yake. Angalia neno "isiyochochewa". Ya mama ilichochewa. Wataalamu hao hao, walipoweka mipaka ya kuamua kama sukari ndiyo iliyoleta degedege, walitaja 2.0 kwenda chini. Mama alikuwa na 1.7, aliporudishwa kwenye 8.4 fahamu zikarudi zote, na kabla ya hapo hajawahi kuanguka maishani mwake.

Hata kitabu cha kimataifa cha namba za magonjwa, toleo lake la kumi, kile ambacho hospitali nyingi hukitumia kuandikia taarifa zake, kinayatenga mambo haya matatu kwenye sura tofauti. Degedege isiyojulikana sababu iko R56, kwenye sura ya dalili, jirani na kukosa fahamu kwenye R40. Kifafa kiko G40, na magonjwa ya neva. Sukari iko kwenye E, na mambo ya homoni. Mwandishi wa karatasi yako aliandika vitu vya sura tatu kwenye mstari mmoja wa sentimita nane, usiku, pengine akiwa na wagonjwa wengine thelathini. Simlaumu. Ila angeiandika ile alama ya kuuliza kubwa zaidi.

Kuhusu kifafa chenyewe nitasema machache, kwa ajili ya wifi. Hata kama mama angekuwa nacho, sahani haihusiki. Kifafa hakiambukizi kwa povu, kwa mate, kwa kujamba wala kwa kugusana. Kinatokana na kovu au hitilafu ya ubongo: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, ajali ya bodaboda, mayai ya tegu wa nguruwe yaliyofika kichwani, na mara nyingi sababu haionekani. Kule Mahenge, wilaya ya Ulanga, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, ugonjwa huu umekuwa mwingi kupita kawaida, na watafiti wanauhusisha na usubi, yule mdudu wa mitoni anayeeneza minyoo inayopofusha. Watu wamekuwa wakiungua motoni na kuzama majini kwa sababu walioshuhudia waliogopa kuwagusa. Na dawa zipo: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata tiba inayofaa.

Muuza duka la dawa mwambie asante, hamhitaji. Nadhani anataka kuwapa fenobabitoni. Inasinzisha, na mama akisinzia mtajuaje kama ni dawa au ni sukari inashuka tena? Isitoshe, dawa hiyo mkiianza kienyeji kisha mkaiacha ghafla, kuiacha kwenyewe kunaweza kuleta degedege, na hapo ndipo mtaamini kweli ni kifafa.

Tuje kwenye sukari, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo mwenye kesi.

Kliniki nasikia kila wiki: "Daktari, mimi sukari yangu ni ya kushuka, ya mume wangu ni ya kupanda." Kana kwamba kuna magonjwa mawili, kama kuna chai ya maziwa na ya rangi. Kisukari kazi yake ni moja, kupandisha. Kwa mtu anayetibiwa, kinachoshusha kupita kiasi karibu kila mara ni dawa iliyokosa chakula, au dawa iliyozidi, au kazi ngumu kuliko siku zote, au pombe, au figo zilizochoka kuitoa dawa mwilini. Kwa hiyo anayejiita "wa kushuka" ni mtu ambaye matibabu yake hayakupimwa sawasawa na maisha yake. Hatari ya jina hilo ni kwamba wengine huacha dawa kabisa na kuanza kunywa soda kila siku "ili isishuke". Baada ya miaka mitatu wanaletwa na kidonda cha mguu.

Sasa itazame siku ya mama. Alfajiri amekula tende mbili. Akameza Daonil, ambayo ndani yake ni glibenklamidi. Dawa hiyo inakamua kongosho litoe insulini, kuna chakula au hakuna, na kazi yake inaweza kuendelea kwa saa 24. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba haifai kwa aliyepita miaka 60, na inaitaja gliklazidi badala yake. Mama ana 68. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha mtu hadi chini hivyo, siishuku. Atenololi nayo ina kosa dogo lakini la kuudhi: sukari ikianza kushuka mwili hupiga kelele, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, njaa inauma, jasho linatoka. Atenololi huziba mbio za moyo na kutetemeka. Jasho haliwezi. Ndiyo maana mlichokiona ni jasho peke yake, kisha moja kwa moja ungo.

Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu moja ya tano ya nishati yote, na hauna ghala la kuweka akiba ya maana. Chini ya 3.9 tunaanza kuita sukari ndogo. Chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosea: hasira zisizo na sababu, kuona vitu viwili viwili, kuongea kama mlevi, wengine hata upande mmoja wa mwili kulegea ukadhani ni kiharusi. Ikizidi kushuka, degedege na kupoteza fahamu. Ukipima kwa mashine iliyotoka Marekani ikakuonyesha 70 au 54, usishtuke, ni vipimo viwili vya jambo moja. Zidisha cha kwetu kwa 18 utakipata cha kwao. Hiyo 1.7 ya mama kwao ingesomeka 31.

Sukari ikipanda mno nayo huyumbisha fahamu, ila kwa mwendo mwingine. Ya chini huja kwa dakika au saa chache, ngozi imelowa na ina baridi. Ya juu huchukua siku: kiu, mkojo usiokwisha, mdomo mkavu, kutapika, tumbo kuuma. Aliyejaa tindikali damuni anavuta pumzi ndefu za haraka kama aliyekimbia, na mdomo wake unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi au ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wazee wa aina ya pili huja wakiwa wamekauka, mashine inaonyesha 33 na zaidi au inaandika tu kwamba imeshindwa kusoma. Hao nao huweza kupata degedege, pengine la mkono mmoja tu unaorukaruka huku mtu anautazama.

Mkiwa nyumbani hamna mashine na hamjui ni ipi, na mgonjwa yuko macho na anaweza kumeza, mpeni sukari. Kama ilikuwa juu, vijiko vichache havitaongeza madhara ya maana. Kama ilikuwa chini, mmemwokoa. Vijiko vya chai vitatu au vinne vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, rudieni kama hajatulia, akishatulia ale chakula hasa: uji, mkate, muhogo. Swaumu hapo imekwisha, na Qurani yenyewe ilishamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Akiwa hajitambui, msimtie kitu chochote mdomoni, maji wala asali, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, tafuteni gari.

Degedege likija, tazameni saa. Ondoeni jiko na meza karibu yake, wekeni nguo laini chini ya kichwa, likiisha mgeuzeni ubavu. Msimshikilie. Na kijiko kibaki kabatini. Ulimi haumezeki, mwanangu. Huo ni uzushi uliovunja meno ya watu wengi nchi hii. Dakika tano zikipita halijakoma, au likirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura ya kukimbiza hata kama mashine inasoma vizuri. Baada ya degedege mtu husinzia na kuchanganyikiwa nusu saa au zaidi, huo ni uchovu wa ubongo, msimtikise.

Kliniki mwende wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Mama asimeze Daonil mpaka mpige simu au mfike. Tena walimruhusu mapema kuliko ambavyo mimi ningemruhusu. Sukari iliyoshushwa na dawa ile huweza kuanguka tena usiku wake au kesho yake, ndiyo maana sisi huwabakiza wodini angalau siku nzima. Semeni maneno haya haya: "Alipata degedege moja, sukari ikiwa 1.7, akiwa amefunga na amemeza glibenklamidi. Tunaomba apimwe figo na abadilishiwe dawa." Ulizeni na kuhusu atenololi. Siku degedege litakapomjia sukari ikiwa ya kawaida, hapo ndipo swali la kifafa litafunguliwa upya, na kwa umri wake atahitaji picha ya kichwa. Kufunga kwake akazungumze na daktari kabla ya Ramadhani, si katikati. Atakayeruhusiwa ajue kufungua papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, na wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi swaumu.

Shangazi usibishane naye. Mwombe siku mama akianza kuweweseka tena, kabla ya ubani, wamtoboe kidole kwanza. Dua haichelewi kwa dakika moja.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami ndilo linaloninyima raha tangu nilisome. Kile kipande cha jino kilipatikana? Kama mliokota sakafuni, vizuri, mpelekeni kwa daktari wa meno kwa nafasi yenu. Kama hakikuonekana, huenda alikivuta ndani akiwa hana fahamu. Akiwa anakohoa tangu siku ile, au akipumua kuna mluzi, au homa imeanza, aende akapigwe picha ya kifua. Hata kama hakohoi, kipande kikiwa hakijulikani kilipo, picha apigwe. Kwa hili usingoje Jumatatu.